Phulmati Ndiye Atakayenisomea

Sikilizeni wanangu, wala msinikatize, maana pumzi hii ni ya kuazima. Harbhej, weka simu chini. Jasmer, acha kulia kama mkata vitunguu. Leo nina furaha, hata kifo kikibisha hodi nitakiambia kisubiri nimalize.

Ekari mbili za mferejini gawaneni sawa. Kilemba changu avishwe Harbhej, ndiye mkubwa. Hayo mlikwisha kuyajua.

Sasa lile msilolijua. Miaka sitini nimesoma Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitukufu, katika hekalu la kijiji hiki, na mnajua nilivyojivuna. Jasmer alipomwoa Phulmati, binti wa vibarua waliotoka Bihar, mbali huko mashariki, kupanda mpunga wetu, nilisema, "Lugha yake ya vibarua isisikike uani kwangu." Miaka saba sikumwitikia salamu. Saba! Nilikula roti zake huku nimenuna.

Juzi asubuhi nilitamani kusikia maneno ya Guru, macho hayaoni, na nyumbani hamna mtu ila yeye. Nikasema, "Haya, soma basi, tucheke." Kumbe herufi zetu alijifunza kwenye daftari la binti yake! Alipofikia beti za watakatifu wa mashariki, akaangua kicheko, akaniita baba: "Bapu, mbona hivi ndivyo bibi yangu alivyosema akituita kula!"

Wanangu! Maneno niliyoyatafutia maana ujana wangu wote, yeye kazaliwa nayo mdomoni. Maguru wetu walichukua maneno ya Punjab, ya Uajemi, ya Sindh, ya huko kwao Phulmati, wakayafuma yawe lugha moja ya kumsifu Mungu. Nami kila alfajiri naiinamia mpaka paji la uso liguse sakafu, kisha narudi nyumbani naifukuza uani. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nimeona haya, na bado nataka kucheza ngoma!

Basi nikifa, kitabu kitukufu kitakaposomwa siku kumi za matanga yangu, usomaji ni wake, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mzee wa kamati ya hekalu akinung'unika, mwambieni ni mimi, Gurnek Singh, mkaidi kumshinda yeye, niliyeagiza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimepona, daktari tu ndiye hajui.

Phulmati, mwanangu, sogea... Salamu zako za miaka saba, naziitikia zote. Mungu awaweke pamoja, nyote. Sasa soma... pale pa bibi yako. Polepole... Nataka kusikia... tukiitwa kula.