Risten Guttorm, Aliyeomba Kuitazama Nchi Yake

Marehemu Risten alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951, hemani, wazazi wake wakiwa njiani kuwahamisha kulungu wao wa kufugwa kutoka Karasjok, kaskazini mwa Norwe, kwenda malisho ya pwani.

Mwaka 1958 alipelekwa bweni la shule ya misheni. Kila Jumapili aliandika barua nyumbani kwa Kinorwe, lugha ambayo mama yake hakuweza kuisoma. Mama alizitunza zote, na likizo ilipofika Risten alimsomea moja baada ya nyingine kwa lugha yetu.

Alimaliza masomo mwaka 1967, akarudi kwenye kulungu. Wilayani hapakuwa na aliyezitambua alama za masikio, zinazokatwa kumtambulisha mwenye mnyama, upesi kuliko yeye: mnyama akipita mbio, alikwisha kumtaja mwenye mali. Idadi ya kulungu wake haisomwi hapa. Kwetu hata kuuliza ni utovu wa adabu.

Alifunga ndoa na Jovnna Guttorm tarehe 13 Aprili 1974, mkesha wa Pasaka, wakajaliwa watoto wawili, Elle na Niillas.

Machi 2023 madaktari walimwambia ana saratani ya kongosho. Septemba, majani ya miti ya mibetula yalipogeuka rangi, alimwomba mumewe safari ya siku nne hadi baharini.

"Miaka yote tumeipita nchi hii tukitafuta kulungu waliopotea," alisema. "Nipeleke mara moja nikaitazame tu."

"Bila kazi? Watu watasema tumechanganyikiwa, Mama Elle."

"Waseme. Wewe ukimgusa kulungu mmoja tu, narudi nyumbani kwa miguu."

Walilala katika vibanda vya wageni. Kijana aliyewapokea, mtu wa kusini asiyewajua, aliwaonya wasiwakaribie kulungu, nao wakamshukuru kwa heshima zote.

Siku ya tatu, mlimani, kundi lilikatiza barabara. Nyuma ya jike mwenye alama ya Jovnna alifuata ndama mwenye masikio mazima. Ndama asiyetiwa alama, akishaachana na mamaye, hana mwenyewe tena. Na jike yule alikuwa akielekea malisho ya watu wengine. Jovnna alizima gari. Mikono haikutoka kwenye usukani. Akasema mibetula imependeza mwaka huu.

"Umemwona?" Risten akamuuliza.

"Nimeona milima."

"Mwongo wewe, mzee."

Alicheka hadi kikohozi kikamshika. Kisha wakanywa kahawa kwa nyama kavu, wakitazama, hadi kundi likapotelea bondeni na ndama wao. Aliporudi aliwaambia wanawe kwamba katika ndoa yake yote hakupata kupewa zawadi iliyomgharimu mtoaji kiasi kile.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Desemba 2023, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, Jovnna, watoto, Elle na Niillas, wajukuu watano, na mdogo wake, Máhtte, anayeusoma wasifu huu.

Bwana ampumzishe kwa amani, wala asimtafutie kazi.