Laini ya Ujiji

Gahongayire alifumba macho kama mtu aliyesinzia, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Hapo mzee Nasiri, fundi cherehani aliyehamia Kigali kutoka Ujiji, alikuwa akiomba ushauri kwa binti muuza simu aliyeketi naye, na basi zima lilishajua shida yake.

"Chukua simu iko na laini mbili, mzee," alisema binti. "Na bando la mwezi, utamuona mama yako kwa video."

"Bando la nini? Mama ana kitochi, simu ya vibonyezo. Nataka tu ile laini ya Tanzania irudi hewani. Namba ya huku hapokei. Mimi mwenyewe nilimkataza kupokea namba asiyoijua, kwa ajili ya matapeli."

Kumbe kuna wazazi wanaowasikiliza watoto, aliwaza Gahongayire.

"Na hiyo laini iko wapi?"

Mzee akafungua pochi, akatoa laini iliyofungwa ndani ya kikaratasi kilichokunjwa vizuri. "Nimeitunza miezi minane."

Binti akaitazama. "Mzee, laini isipotumika wanaifunga. Namba wanampa mtu mwingine. Hebu ipigie."

Nasiri akapiga, spika ikiwa wazi. Kijana akapokea. Mzee akamuuliza hiyo ni namba ya nani.

"Yangu. Wewe ndiye Nasiri? Kuna bibi anapiga kila Ijumaa kukuulizia. Nimechoka kumwambia amekosea. Siku hizi nikiona namba yake sipokei."

Basi lilisimama kituo cha Batsinda. Gahongayire akafumbua macho, akashuka bila kumtazama mzee usoni.