Ruzuku Iliyomwingia Pancha Peke Yake

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kunyolea, pale lami inapoishia na vumbi linapoanza. Hukaa wanne: Redio, anayejua habari kabla hazijatokea, Wakili, aliyepewa jina hilo baada ya kushindwa kesi ya mpaka wa shamba mara tatu, Pancha, fundi baiskeli, na mimi kinyozi. Wote tunalima mahindi ng'ambo ya mto, na tulijiandikisha ruzuku ya serikali siku moja, foleni moja. Jumatatu ujumbe wa malipo uliingia kwenye simu ya Pancha peke yake. Tangu hapo alikuwa hajakanyaga kijiweni. Hii ilikuwa Alhamisi.

— Siku ya nne, alisema Redio, akipuliza kahawa. Mtu msafi hajifichi.

— Labda anaumwa, nikasema.

— Anaumwa na pesa. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe.

— Hiyo inaingiaje hapa? akauliza Wakili.

— Itaingia tu. Wewe subiri.

Wakili akaweka kikombe chini.

— Twende kwa ushahidi. Siku ile ya foleni, Pancha alimuuliza afisa kilimo habari za watoto. Unaulizaje watoto usiowajua?

— Si salamu tu? nikasema.

— Salamu gani ya dakika tano? Redio akadakia. Yule afisa ni shemeji yake.

— Mkewe tunawajua kaka zake wote, nikasema.

— Basi shemeji wa upande mwingine. Na nimesikia ameandikwa ekari sita.

— Pancha? Ana moja na nusu.

— Ndiyo ujiulize. Hizo nyingine za nani? Sisi watatu, kila mmoja ana moja na nusu. Jumlisha.

Wakili akashusha sauti.

— Shamba haliibiwi kwa jembe, jamani. Linaibiwa kwa karatasi. Mimi nimeyaona.

Nakiri, hapo hata mimi niliingiwa na shaka. Miaka kumi na moja tumekunywa kahawa ya birika moja na Pancha, lakini nilianza kukumbuka jinsi anavyocheka bila sababu.

Tukiwa hivyo, mke wa Pancha akashuka kwenye pikipiki, karatasi mkononi.

— Karibu kahawa, shemeji, nikamwambia.

— Sikai. Mwenzenu yuko ofisi ya kilimo tangu Jumatatu. Anashinda pale mlangoni, anauliza kwa nini majina yenu yameachwa. Leo ndio wamemsikiliza.

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

— Wanasema mlirukwa wakati wa kunakili, akaendelea, na orodha imejaa. Ila kuna watu wawili wamehama, nafasi zao ziko wazi. Wakifunga saa tisa, basi. Yeye amekataa kuchagua. Anawauliza ninyi: mko watatu, nani asubiri msimu ujao?

Redio akatazama vumbi. Wakili akachukua kikombe chake. Hata muuza kahawa aliyesimama kando yetu aliacha kugonga vikombe.

— Semeni basi niandike hapa, pikipiki inanisubiri.

Nilikuwa na jibu. Nina kibanda, nina wateja, mimi ndiye ningeweza kusubiri. Lilifika hadi kwenye ulimi. Nikanyamaza kwanza, nione kama kuna mwingine atakayesema.