Kashata za Kumkalisha Mama Mkwe

Benchi lile lina miguu mitatu ya kwake na tofali moja la kuazima. Limeegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, pale kwenye kona ambapo mabasi hupunguza mwendo yakashusha watu bila kusimama sawasawa. Anayekalia upande wa tofali hujifunza kucheka bila kutikisika. Wenyeji wake ni wanne, na wote, kwa maelezo yao wenyewe, wana kazi. Mashine ndiye kinyozi. Huja benchini kila akikosa mteja, yaani anakuja sana. Presha hujaza upepo matairi ya baiskeli, na hakuna jambo hapa duniani, hata ndoa, ambalo hawezi kulieleza kwa upepo. Mstaafu alikaa ofisini miaka mingi, na ingawa ofisi ilishamsahau, yeye bado anazungumza kwa niaba yake. Wa nne ni Soli, fundi viatu, ambaye siku hiyo alikuwa amepakata sinia lililofunikwa kitambaa, kwa uangalifu wa mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

— Fungua tuone, alisema Mashine.

— Si zenu.

— Tunajua si zetu. Tunataka kuona tunachonyimwa.

Soli akafunua. Kashata za karanga, zimekatwa mraba, nyingine karibu na mraba, rangi yake kama ngozi ya kiatu kipya. Alikuwa amezipika kwa mkono wake, mkewe akiwa chumbani na kichanga, akimwelekeza kwa sauti kupitia ukutani.

Sababu yenyewe kijiwe kizima kiliijua. Mama mkwe wa Soli hakuwa amekanyaga nyumbani kwake tangu ile ziara ambapo alikuwa akimsimulia Soli habari za ugonjwa wa dada yake. Soli alimsikiliza ameinamisha kichwa kwa adabu, adabu ikazidi, akakoroma. Mama akafunga begi. Leo alikuwa anapita kwenda kwa binti yake mwingine, na amekubali kushuka kumwona mjukuu. Kumwona, alisisitiza kwenye simu, si kukaa. Na mke wa Soli hakuwa amelala usingizi wa maana tangu ajifungue. Asubuhi alikuwa amemwambia mumewe, kwa upole uliomtia hofu: “Mama akikaa, nitapumua. Akipita, baba watoto, jua ni wewe uliyempitisha.” Halafu akamdokeza kwamba mama yake, enzi za usichana, ukimwonyesha kashata alisahau alikokuwa anatumwa.

— Hizi ni za awamu ya tatu, Soli alieleza. Za kwanza zilikataa kuganda. Zilinata. Nimezihifadhi kwenye kopo, nitazijaribu kwenye kisigino cha mtu.

— Na za pili?

— Ziliungua. Niliacha sukari inayeyuka vizuri, nikageuka kumjibu mke, kurudi nakuta lami.

Presha alichukua kipande, akakibonyeza pande zote mbili kama anayetafuta pancha.

— Sufuria ulifunika?

— Kashata haifunikwi.

— Basi ndiyo maana unahangaika. Sukari ikiyeyuka, upepo wake unatoka, unabaki mwili mtupu. Ungefunika, upepo ungekosa pa kwenda ukajificha ndani ya karanga. Mtu akiuma, paa! Umeelewa?

— Karanga nimekaanga, nikamenya, nikapepeta maganda.

— Umepepeta? Presha aliweka kikombe chini. Kwa hiyo umeingiza upepo wa nje. Umechanganya pepo mbili zisizojuana.

— Upepo, upepo, Mashine alidakia. Mwenzenu hapa ana shida ya macho. Sukari ina haya. Ukiisimamia ukaikodolea, inajikunyata, haiyeyuki ng'o. Ukiipa kisogo inavua kila kitu kwa mpigo. Si mmesikia ya awamu ya pili? Inatakiwa uiangalie kwa pembeni, kama huna habari nayo. Mimi kichwa cha mtu nakinyoa huku natazama barabara.

— Tumekiona, alisema Presha.

Mstaafu alikohoa. Akikohoa hivyo, hata muuza kahawa wa pale kijiweni hupunguza kugonga vikombe.

— Utaratibu haukufuatwa tangu mwanzo. Muwa ni mmea wa aina gani?

— Wa kutafuna, alisema Mashine.

— Wa kusimama. Maisha yake yote shambani umesimama wima. Umekwenda kiwandani ukasagwa, sawa, lakini hakuna mahali popote palipoelezwa kwamba umefutiwa kumbukumbu. Leo wewe unaichukua sukari unaimwaga kwenye sinia, unailaza chali. Lazima ikakamae. Sinia lilipaswa kusimamishwa.

— Si ingemwagika, mzee?

— Ingemwagika kwa utaratibu.

Soli alisikiliza yote akitikisa kichwa kwa heshima. Yeye alikuwa na wasiwasi mmoja tu, nao ulikuwa unamla tangu asubuhi.

— Jamani, mimi nataka kujua kitu kimoja. Ugumu unatosha? Nimeambiwa kashata ya kweli ni ile inayolia.

Mashine akachukua kipande, akakigonga kwenye ukingo wa benchi. Kashata haikuvunjika. Kibanzi cha ubao kiliruka, kikatua kwenye goti la Presha.

— Ugumu upo, Presha alikiri.

— Haujathibitishwa, alisema Mstaafu, akakipokea kipande kilekile na kukitia mdomoni.

Wakamngoja. Taya lake lilifanya kazi upande wa kulia, likahamishiwa upande wa kushoto, kisha likasimama. Akainua kidole kuonyesha kwamba kikao bado kinaendelea. Humo ndani kitu kikasema ko.

— Hiyo ni kashata au ni wewe? Mashine aliuliza.

Mstaafu alishika shavu. Hakuwa katika hali ya kujibu. Soli akahisi furaha ikimpanda taratibu, maana kitu kilichoweza kumnyamazisha Mstaafu hakika kingeweza kumkalisha mama mkwe.

Kumbe muda wote huo kulikuwa na dada mmoja amesimama pembeni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi kimekatika kamba, anasubiri wamalize ili ahudumiwe.

— Samahanini, kaka zangu. Huyo mama mkwe ana meno?

Wote wakamgeukia Soli.

Soli alimfahamu mama yule tangu kabla ya harusi. Miguu yake angeitambua hata ungemletea miguu ya mtaa mzima: wa kushoto hutangulia daima, kisigino chake hula kiatu upande wa nje, kidole cha pili kimempita cha kwanza kwa urefu. Juu ya pindo la gauni palikuwa na heshima tupu. Macho yake hayakuwahi kufika huko.

— Lakini si mlikula pamoja harusini? aliuliza Presha.

— Nilikula nikitazama sahani.

— Picha za harusi?

— Amejiziba mdomo kwa leso. Alikuwa analia.

— Kwa furaha?

— Sikuuliza.

— Mpigie mkeo simu, alisema Mashine.

— Nimwambieje? Mtoto ndiyo kwanza amelala, halafu mimi napiga: mama watoto, eti mama yako ana meno?

— Andika, alisema Mstaafu, ambaye alikuwa amerejea miongoni mwao. Kwa heshima na taadhima, naomba kufahamishwa hali ya kinywa cha mama...

— Hapo na mke mwenyewe anafungasha, alisema Presha. Akamgeukia Mashine. Wewe unayecheka, mama mkwe wako anayo?

Mashine aliacha kucheka.

— Ana sauti, alisema.

Dada alikuwa bado ameshika kiatu chake.

— Mimi nauliza tu, kaka. Mara ya mwisho ulimkoromea. Leo ukampe mawe, na kama hana meno, atasemaje? Si atajua unamkejeli?

Jambo hilo halikuwa limemjia Soli. Sasa lilimjia lote kwa pamoja. Akalifunika sinia, akalifunua, akalifunika tena.

— Itabidi nimtazame.

— Usoni? Mashine alishtuka.

— Mdomoni.

— Na asipoufungua?

— Nitamchekesha.

Wakamtazama kwa huruma. Vichekesho vya Soli walikuwa wakivisikiliza kila siku, na ni urafiki tu uliokuwa ukiwarudisha.

— Jaribu kitu kingine, alisema Presha kwa upole. Kisicho na maneno.

Basi likapunguza mwendo. Mlango ukafunguliwa, mguu wa kushoto ukatangulia chini.

— Ni yeye, alisema Soli.

Hapohapo Mashine akatazama chini. Presha akatazama chini. Mstaafu, kwa uzoefu wake wote, akatazama chini, na muuza kahawa naye akapata la kuchunguza kwenye makaa. Hakuwa mama mkwe wao, lakini nani angetaka kujaribu? Ni Soli peke yake aliyeinua uso. Macho yake yakapanda pindo la gauni, yakavuka begi, mtandio, kidevu, yakafika mdomoni na kutua, naye mdomo wake ukiwa wazi, kama fundi anayekadiria kiatu.

— Shikamoo, mama, aliuambia ule mdomo.

Mama mkwe akawatazama wanaume waliojipanga wakitafuta kitu vumbini, kisha akamtazama huyu mmoja asiyepepesa.

— Marahaba. Kwa hiyo leo hujasinzia, mkwe wangu?

Halafu mama akacheka. Alicheka kichwa kikiwa nyuma, na Soli akaona kila alichotaka kukijua. Meno yalikuwepo. Yalikuwa mawili juu na moja chini, na hayakuwa yakikutana.

Soli akalivuta sinia kifuani. Alichelewa, mama alishainua kitambaa.

— Nani kapika?

— Ni mimi, mama. Lakini ni ngumu. Kwa kweli ni ngumu sana, unisamehe.

Mama akaigonga moja kwa ukucha. Ikalia.

— Sogeeni, akawaambia wanaume.

Wakasogea hata Mashine akajikuta kwenye tofali. Mama akaketi, akapokea kahawa, akachagua kipande kikubwa, akakitumbukiza kikombeni na kukiacha kizame chote.

— Ngumu namna hii hutafuni, aliwaeleza, kwa vile walionekana hawajui. Unaisubiri.

Kisha, bila kuondoa macho kikombeni, akamsukumia Soli begi lake kwa mguu.

— Tangulia nalo nyumbani. Mwambie mwanangu alale, nakuja.

Soli akamwachia sinia, akainama, akalinyanyua begi. Lilimshinda mara ya kwanza. Akalishika kwa mikono miwili, akaanza kupanda nalo taratibu kuelekea nyumbani. Begi la mtu anayepita haliwezi kuwa zito kiasi kile.