Hotuba ya Kumzika Vern Tregilgas

Benchi la mbele ya duka la mikate pale Warrandoo lilikuwa limekaliwa na wastaafu watatu wa mgodini, suti zao zikinuka dawa ya nondo, kila mmoja na kahawa yake. Saa tano walikuwa wanamzika Vern Tregilgas, mbunge wao wa chama cha Leba kwa miaka ishirini na mitatu. Len, ambaye kwa uzito wake wa kuinuka wanamwita Upesi, ndiye aliyepewa kazi ya kumsemea marehemu kanisani. Saa nne na nusu ilishagonga, na karatasi yake ilikuwa nyeupe pe.

— Andika alikuwa mlevi, akasema Kimya, mtu ambaye tangu azaliwe hajafunga domo.

— Hilo wanalijua.

— Basi andika alikuwa akisinzia bungeni. Nilimwona kwenye televisheni, nzi anaingia mdomoni na kutoka.

— Hakusinzia, alikuwa anafikiri, akadakia Merle, mpishi wa zamani wa kantini.

— Vern afikiri? Kwa akili ipi?

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagikia tai.

— Siri yake soseji, akaendelea Kimya. Kila uchaguzi anachoma soseji getini pa shule. Unaingia kupiga kura mdomo umejaa, utampinga saa ngapi?

— Soseji wapi! akasema Merle. Vitunguu vile alivitia kitu. Chama kilimtimua kwa kuwapa Waliberali siri ya vitunguu!

Len hakucheka. Wote watatu walijua kilichomtimua Vern. Serikali ya chama chake mwenyewe ilitaka kufunga wodi ya wazazi, naye akainuka, akavuka ukumbi, akapiga kura na wapinzani. Leba hawasamehe hilo.

Binti mmoja mgeni akasimama, akisukuma kigari cha mtoto.

— Samahani wazee, mnamsema yule aliyeokoa wodi? Huyu nimemzaa pale Jumanne.

— Huyohuyo, mama.

— Nasikia akafukuzwa, akagombea bila chama. Nyinyi mlimpa nani kura?

Kimya akanyamaza. Merle akaviangalia viatu vyake.

Len aliikumbuka siku ile ya uchaguzi, na aibu ikamshika upya. Alisimama getini akigawa kadi za Leba, zinazomwonyesha mpiga kura aandike namba moja mbele ya jina gani, kama alivyozigawa tangu ujana. Mkono ulishazoea. Vern alikuwa hatua mbili kando yake, kadi zake hakuna anayezipokea. Saa sita akamletea Len mkate wenye soseji, vitunguu tele.

— Kula, Upesi, alimwambia. Utaanguka kwa njaa.

Vern akapata kura mia moja na kumi na moja.

Kengele ya kanisa ikaanza kulia. Len akaiweka karatasi gotini, akaandika mstari mmoja, akainuka wa kwanza. Merle akaunyakua mkono wake wenye karatasi, asome.

"Mimi, Len Hocking, sikumpigia kura."

— Utasimama useme hivyo? Mbele ya mjane wake?

— Nitasema. Halafu nitasema alichoniletea nile.