Nashoni Werema na Ukoka wa Kupulizia

Nashoni Werema Mwikwabe alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963 kijijini Itiryo, wilaya ya Tarime, akiwa mtoto wa nne wa mzee Werema Mwikwabe. Kwa mzee huyo, mfugaji wa kweli, nyasi zilikuwa na kazi moja tu, kuliwa na ng'ombe. Mwanawe alikuja kujipatia riziki kwa kuwazuia ng'ombe wasizile, na mzee alimtania kwa hilo hadi anaondoka duniani.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Itiryo, akamaliza mwaka 1978, kisha akasoma sekondari Tarime. Mwaka 1985 alipata cheti cha kilimo. Hesabu zilimpiga chenga, lakini udongo akiushika kiganjani alikwambia unakosa nini.

Mwaka 1987 aliajiriwa kutunza bustani katika hoteli moja ya watalii wilayani Serengeti, na alibaki hapo hadi 2013. Huko alijifunza mashine inayochanganya maji, mbegu za ukoka, mbolea na karatasi zilizosagwa, kisha kupulizia mchanganyiko huo ardhini kwa pampu na mpira. Alipoacha kazi hotelini alijitengenezea ya kwake, fundi wa Sirari akamchomelea fremu. Kwa kuwa mchanganyiko ule ulitiwa rangi ya kijani, watu wa Mugumu, mji mkuu wa wilaya hiyo, walidhani anapaka udongo rangi. Wakamwita Mpaka Rangi, naye bila kununa akaliandika jina hilo kwenye tangi.

Nashoni hakumficha mteja kitu. Mwalimu Agape, aliyehamia hapa Morotonga, Mugumu, kutoka Njombe, anakumbuka alivyoambiwa: "Mwalimu, ukoka wa kupulizia unaota sawasawa, na kwenye mteremko unashika udongo. Gharama yake ni nafuu kuliko kununua uliokomaa na kuupanga vipande vipande. Ila ni kama kichanga. Maji asubuhi na jioni, kuku wafungiwe, na mwezi mzima asikanyage mtu. Mvua kubwa ikikuwahi, mbegu zinahamia kwa jirani. Na kama uwanja wako ni wa ukubwa wa mkeka mmoja, usiniite, panda kwa mkono."

Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa na Scholastica, muuguzi. Mama huyu hakuchoka kumkumbusha kwamba anapendezesha nyumba za watu huku kwake kukiwa vumbi tupu. Kweli mganga hajigangi. Mwaka 2018 hatimaye Nashoni akaupulizia uwanja wake hapa Morotonga, akasahau jambo ambalo baba wa Kikurya hasahau: ng'ombe wa mahari ya binti yake Mokami walikuwa njiani. Walipofika, ukoka ulikuwa ndiyo kwanza unachungulia. Akaomba waishie nje. Kaka yake, Wangwe, akawaka: "Ng'ombe wa binti yetu wapokelewe barabarani kama wa mnada? Umerogwa na majani wewe!"

Ng'ombe wakaingia, uwanja ukawa tope. Nashoni alicheka kuliko wote. "Ukoka nitapulizia tena," alisema. "Mkwe pampu haitoi." Scholastica hakucheka.

Novemba 2024 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa Mugumu na baadaye Mwanza. Aliporudi nyumbani alijua siku zake zimepungua, na alisema waziwazi kwamba jambo moja linamuuma: mkewe bado hajapata uwanja wake. Tarehe 10 Machi 2025 alikaa kwenye kiti akitoa maelekezo, mwanawe Vicent akishika mpira. Mvua ikaja ikazoa upande wote wa chini. Upande wa juu ukashika, Scholastica akiumwagilia na kuulinda dhidi ya kuku. Alasiri ya tarehe 1 Aprili, Nashoni alimwomba mkewe avue viatu akanyage.

"Si ulisema mwezi mzima?"

"Kanyaga, Mama Mokami. Mimi mwezi sina."

Akakanyaga huku analia, na mumewe akamtazama kwa furaha ambayo hatukuwa tumeiona usoni pake tangu augue. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2025 alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 61.

Ameacha mjane, Scholastica, watoto watatu, Vicent, Mokami na Eric, wajukuu watano, na kaka yake, Wangwe.

Kaburi lake limechimbwa upande ule wa chini uliozolewa na mvua. Udongo ukishatulia, pampu itatolewa stoo. Vijana wamejitolea kuifanya kazi hiyo, Mama Mokami amekataa. Mpira ataushika yeye.

Mungu ampe Nashoni pumziko lenye amani.