Usingizi wa Nyumba ya Udongo

Basi lilikuwa nusu tupu. Viti vilivyobaki vilikaliwa na joto. Mbele yangu fundi alipakata nyundo kubwa, na mama mmoja kando yake alikumbatia feni mpya.

"Unakwenda kubomoa nini, mwanangu?"

"Nyumba ya udongo, mama. Kuta nene, vidirisha vidogo juu kabisa. Mwenyewe anataka matofali membamba na vioo vikubwa."

"Atajua hajui. Mimi ninavyo hivyo vioo, ndiyo maana unaona feni hii."

Fundi akacheka kidogo. "Jana mchana niliingia kupima kuta. Mle ndani kuna ubaridi wa mtungi, mama. Nikaegemea ukuta, usingizi ukanichukua mpaka jua likazama. Nikamwota bibi yangu anafunga madirisha asubuhi, ati anaufungia usiku ndani usitoroke."

Nyuma yao nilishafumba macho. Ndoto ya jirani haikatiwi tiketi.

"Sasa utaibomoaje?"

"Kazi ni kazi, mama."

"Na usingizi je?"

Basi likasimama. Fundi akashuka, nyundo begani, akaenda taratibu kama mtu anayerudi kitandani.